Ufunguo Ushikwe na Nani? Haja ya Viwango vya Wazi katika Kufuli za Kidijitali

Katika nyumba nyingi za miji yetu si ajabu kukuta visimbuzi viwili au vitatu vimepangwa chini ya televisheni moja. Kila kimoja kina waya wake, rimoti yake na kadi yake, na kila kimoja kimegharimiwa na mwenye nyumba. Akishalipa ada ya mwezi, kisimbuzi hufungua matangazo ya kampuni iliyokiuza, wala hakifungui ya kampuni jirani. Ukiuliza sababu, wauzaji wengi watakujibu kwamba ndivyo ufundi wenyewe ulivyo. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba sivyo ufundi ulivyo, bali ndivyo watu walivyoamua. Na lililoamuliwa na watu vikaoni laweza kuamuliwa vingine, mradi wahusika wawe na elimu ya kutosha na sauti ya kutosha.

Jambo hili haliishii kwenye televisheni. Vitabu vya kusomea kwenye simu, masomo ya video, filamu na nyimbo huuzwa vikiwa vimefungwa kwa kufuli zisizoonekana kwa macho. Wataalamu huziita mifumo ya kusimamia haki za kidijitali. Shule inaponunua vitabu vya namna hii hununua pamoja navyo kufuli, na mara nyingi haijui ufunguo unakaa wapi, unashikwa na nani, na utadumu kwa muda gani. Kwa hiyo suala la viwango vya kufuli hizi linamhusu mwalimu mkuu sawasawa na linavyomhusu mhandisi.

KUFULI HII HUFANYAJE KAZI?

Kazi yoyote ya kidijitali, iwe wimbo, picha au kitabu kizima, ni mfululizo mrefu wa tarakimu 0 na 1. Mtu anaponakili mfululizo huo, nakala ya mia moja huwa sawa kabisa na nakala ya kwanza. Zama za kaseti hali haikuwa hivyo, kwani kila kaseti iliyonakiliwa kutoka kwa nyingine ilififia kidogo, hata mwishowe ikasikika mkwaruzo mtupu. Kutofifia huku ndiko kulikowatia hofu wachapishaji, wenye studio na wasanii.

Dawa waliyoitafuta ina sehemu tatu. Ya kwanza ni usimbaji, yaani kuzichanganya tarakimu kwa kanuni ya hesabu pamoja na namba ya siri iitwayo ufunguo, hata asiye na ufunguo asione ila vurugu. Ya pili ni hati ya ruhusa. Hii ni taarifa fupi inayosafiri pamoja na kazi hiyo, ikieleza nani anaruhusiwa kuifungua, kwa chombo gani, mara ngapi na hadi tarehe gani. Ya tatu ni chombo chenyewe, ambacho huuhifadhi ufunguo, huisoma hati na kuitii.

Namwomba msomaji azishike sehemu hizi tatu, kwani hoja yangu yote imesimama juu yake. Nasema kwamba katika sehemu mbili za kwanza viwango vya wazi vinawezekana, vinafaa, na yatupasa kuvidai. Katika sehemu ya tatu upo mpaka uliowekwa na maumbile ya jambo lenyewe, na hakuna kamati iwezayo kuuondoa kwa kupiga kura. Anayeahidi kufuli iliyo wazi yote kabisa anaahidi lisilowezekana. Na anayesema kwamba kwa sababu hiyo kila kitu hakina budi kuwa siri anatuficha theluthi mbili za ukweli.

Kiwango cha wazi ni nini basi? Ni maelezo ya kiufundi ambayo mtu yeyote anaweza kuyapata, kuyasoma na kutengeneza chombo kwa kuyafuata, na ambayo hubadilishwa kwa utaratibu unaojulikana. Mfano ulio karibu nasi ni karatasi ya A4, yenye milimita 210 kwa 297. Shule ikinunua rimu ya karatasi haiulizi kwanza mashine yake ya kuchapia ilitengenezwa na kiwanda gani. Kipimo hicho hakina bwana mmoja, kwa hiyo viwanda hushindana kwa ubora na bei, si kwa kumfungia mteja mlango.

SIRI ILIYODUMU MIAKA MITATU

Historia ya kufuli za filamu inatupa funzo la kwanza. Diski za DVD zilipoanza kuuzwa mwaka 1996, filamu zilifungwa kwa mfumo ulioitwa CSS. Kanuni zake zilikuwa siri, na mtengenezaji wa vyombo alizipata kwa kutia sahihi mkataba wa kuitunza siri hiyo. Ufunguo wake ulikuwa na urefu wa biti 40.

Wanafunzi wa hisabati na wapige hesabu wenyewe. Funguo zote ziwezekanazo ni 2 kwa kipeo cha 40, yaani 1,099,511,627,776. Namba hiyo yatisha ukiitazama. Lakini kompyuta inayojaribu funguo milioni moja kwa sekunde huzimaliza zote kwa muda wa siku 13 hivi. Isitoshe, kanuni zenyewe zilikuwa na udhaifu uliopunguza kazi hiyo sana. Mwaka 1999 programu ndogo ya kuifungua CSS ilienea ulimwenguni. Mmoja wa waliohusika nayo alikuwa Jon Lech Johansen, kijana wa Norway ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 15. Alishtakiwa kwao, na mwaka 2003 mahakama ilimwona hana hatia, katika kesi ya kwanza na katika rufaa pia.

Pamoja na kufuli hiyo, diski ziligawiwa kwa maeneo ya dunia. Marekani na Kanada ziliwekwa eneo la 1. Ulaya, Japani, nchi za Ghuba na Afrika Kusini eneo la 2. Afrika Mashariki iliwekwa eneo la 5 pamoja na India na Urusi. Wengi wetu tuliosoma ng'ambo tulirudi na diski tulizozilipia kihalali, zikakataliwa na vyombo vya nyumbani. Hali kadhalika Mswahili aliyeko Maskati aliyewapelekea ndugu zake wa Unguja filamu aliweza kukuta imekataa kuchezwa. Hapakuwa na wizi wowote hapo wa kuzuiwa. Kufuli iliyoelezwa kuwa ni ya kulinda haki ya mtunzi ilifanya kazi ya pili, nayo ni kulinda mipaka ya soko, wala mnunuzi hakuwa na njia ya kuliona hilo kabla ya kulipa.

UWAZI HAUDHOOFISHI KUFULI

Wapo wanaodhani kwamba kufuli ikijulikana jinsi ilivyoundwa huwa haifai tena. Dhana hii ilipingwa zamani. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa mwalimu wa lugha huko Paris, aliandika kwamba mfumo wa maandishi ya siri usitegemee kufichwa kwa mfumo wenyewe. Uwe salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, mradi ufunguo peke yake ubaki siri. Kila mtaalamu wa fani hii hufundishwa kanuni hiyo mwanzoni mwa masomo yake.

Ushahidi mkubwa wa ukweli wake ulitokea mwishoni mwa karne ya 20. Mwaka 1997 taasisi ya viwango ya Marekani ilitangaza mashindano ya kutafuta kanuni mpya ya usimbaji. Zilikubaliwa kanuni 15 kutoka nchi mbalimbali, zote zikachapishwa, na wataalamu wa dunia nzima wakakaribishwa kuzivunja. Baada ya uchunguzi wa hadharani ilichaguliwa mwaka 2000 kanuni ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na mwaka 2001 ikawa kiwango rasmi kiitwacho AES. Mwanafunzi yeyote aweza kuisoma yote. Hata hivyo inalinda fedha za mabenki na mazungumzo ya mamilioni ya watu. Ufunguo wake mfupi kabisa una biti 128. Kompyuta ambayo ingejaribu funguo trilioni moja kwa sekunde ingehitaji miaka ipatayo 10 kwa kipeo cha 19 kuzimaliza zote.

Linganisha na mkutano mwingine wa miaka hiyo hiyo. Mwaka 1998 kampuni zaidi ya mia moja za muziki na vyombo vya elektroniki ziliungana katika mpango wa SDMI ili kuunda kiwango cha pamoja cha kulinda muziki. Mwaka 2000 ziliwaalika watu wajaribu kuziondoa alama za siri zilizotiwa ndani ya sauti. Kundi la watafiti lililoongozwa na Profesa Edward Felten wa Chuo Kikuu cha Princeton lilieleza kwamba limeweza. Lilipotaka kuyasoma matokeo yake mbele ya mkutano wa kitaalamu mwezi Aprili 2001 lilipata barua ya kulitahadharisha juu ya sheria, likaahirisha. Makala yao yalisomwa Agosti mwaka huo. Mpango wa SDMI ulisimama mwaka 2001 bila kuleta kiwango kilichotumika. Katika mashindano ya AES aliyegundua ufa alishukuruwa, na katika mpango wa SDMI alitishwa. Kilichodumu kati ya viwili hivyo kinajulikana.

MPAKA WA UWAZI

Hapa yafaa tuwe wakweli. Katika matumizi ya kawaida ya maandishi ya siri wapo watu watatu, yaani mwandishi, mpokeaji na adui. Mpokeaji ana ufunguo, adui hana. Katika kufuli za kazi za sanaa na vitabu, mpokeaji na adui ni mtu mmoja. Mnunuzi anapewa ufunguo ili asome, na papo hapo ananyimwa ufunguo ili asinakili. Njia pekee ya kufanya yote mawili ni kuuficha ufunguo ndani ya chombo alichokinunua mwenyewe, na kukiamuru chombo kisimtii mwenye nyumba bali kimtii muuzaji aliye mbali.

Ndiyo maana sehemu ya tatu haiwezi kuwa wazi kikamilifu. Chombo ambacho mwenye nyumba anaweza kukichunguza chote na kukibadilisha apendavyo ni chombo ambacho anaweza kuuchomoa ufunguo wake. Mwaka 2005 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitangaza mradi wa kuunda mfumo wa kufuli ambao programu zake zingetolewa bure kwa wote. Nia ilikuwa njema, lakini mradi huo haukushika soko, na mwaka 2010 kampuni yenyewe ilinunuliwa na Oracle. Kila mradi wa namna hiyo hukutana na ukuta uleule, kwani anaweza kuchapisha ramani ya nyumba nzima, ila chumba kimoja hakina budi kubaki kimefungwa.

Jambo hili lilijitokeza waziwazi mwaka 2017, pale shirika la W3C, linaloweka viwango vya kurasa za intaneti, lilipopitisha kiwango kiitwacho EME. Kiwango hiki hueleza jinsi programu ya kusomea kurasa inavyozungumza na kisanduku kinachofungua filamu. Hakielezi yanayotendeka ndani ya kisanduku. Visanduku vikuu ni mali ya kampuni, yaani Widevine ya Google, PlayReady ya Microsoft na FairPlay ya Apple. Katika kura iliyofuata rufaa, wanachama asilimia 58.4 waliunga mkono, asilimia 30.8 walipinga na asilimia 10.8 hawakuegemea upande wowote. Wapinzani walikuwa wamependekeza kwamba wanachama waahidi kutowashtaki watafiti wanaokagua usalama wa visanduku hivyo. Pendekezo hilo halikukubaliwa, na taasisi ya EFF ya Marekani, iliyokuwa imelitoa, ikajiuzulu uanachama.

Mimi siungi mkono wanaosema kwamba EME haina faida yoyote. Pamoja na kiwango cha ISO cha usimbaji wa pamoja, ambacho hutumia AES, faili moja ya filamu inaweza kufunguliwa na kisanduku zaidi ya kimoja. Mchapishaji hahitaji tena kutengeneza faili kwa kila aina ya chombo. Hiyo ni hatua. Ninalolipinga ni kuyafungia nje macho ya wakaguzi. Mwaka 2005 diski za muziki za kampuni ya Sony BMG ziligunduliwa kuwa zinaingiza kwenye kompyuta ya mnunuzi programu iliyojificha, na maficho hayo yaliweza kutumiwa na wenye nia mbaya. Aliyeyafichua, Mark Russinovich, alikuwa akikagua kompyuta yake mwenyewe. Kampuni ililazimika kuziondoa diski hizo madukani. Ikiwa chumba kimoja hakina budi kufungwa, basi mkaguzi asiyependelea upande lazima aruhusiwe kukikagua.

LUGHA YA KUANDIKIA HAKI

Turudi kwenye sehemu ya pili, hati ya ruhusa, kwani ndiyo iliyo muhimu kuliko zote kwa shule. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hati ya ruhusa ni daftari la kazi ya kidijitali. Mwalimu akinunua kitabu, yampasa ajue kama anaweza kukifungua kwenye kompyuta 40 za darasa kwa pamoja, kama anaweza kuchapisha kurasa mbili za mazoezi, na kama mwakani kitabu kitaendelea kufunguka. Hati hiyo ikiandikwa kwa lugha ambayo chombo cha kampuni moja tu kinaielewa, mwalimu hawezi kuisoma wala kuilinganisha na ya muuzaji mwingine.

Lugha za wazi za kuandikia hati hizi zipo. Mojawapo ni ODRL, iliyoasisiwa na Renato Iannella wa Australia mwanzoni mwa karne hii, na ambayo mwezi Februari 2018 ilikuwa kiwango cha W3C. Msingi wake ni mepesi na unaeleweka hata na asiye mhandisi. Kila sharti la hati huwa ama ruhusa, ama katazo, ama wajibu. Kwa mfano: wanafunzi wa shule fulani wana ruhusa ya kusoma, hawana ruhusa ya kuuza, na shule ina wajibu wa kumtaja mtunzi. Lugha nyingine iliingizwa katika viwango vya ISO mwaka 2004, katika mfululizo uitwao MPEG-21.

Lakini hapa lipo onyo. Maneno "kiwango cha wazi" yana maana mbili, na wafanyabiashara hupenda kuzichanganya. Kiwango chaweza kuwa wazi kwa kusomwa, kisiwe wazi kwa kutumiwa. Mwanzoni mwa mwaka 2005 kampuni ya MPEG LA, iliyokuwa ikikusanya malipo ya hataza, ilitangaza kwamba watakaotumia kiwango cha kufuli za simu kilichoundwa na umoja wa kampuni za simu walipe dola moja kwa kila chombo, na asilimia moja ya kila mauzo. Kampuni za simu zilipinga, na miezi michache baadaye kiasi cha kila chombo kikashushwa hadi senti 65. Maelezo ya kiwango hicho yalikuwa mezani mwa yeyote aliyetaka kuyasoma. Kukitekeleza ndiko kulikowekewa ushuru. Kwa nchi inayotaka vijana wake waunde vyombo na programu zao wenyewe, tofauti hiyo ni kubwa mno.

MUUZAJI AKIFUNGA DUKA

Kufuli nyingi za leo hupata funguo zake kutoka kompyuta ya muuzaji kupitia intaneti. Kompyuta hiyo ikizimwa, mali hubaki imefungwa. Hili si jambo la kubuni. Mwezi Aprili 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kidijitali, na kuanzia Julai mwaka huo vitabu vilivyokwisha kununuliwa vikaacha kufunguka. Kampuni iliwarudishia wateja fedha zao, na ni haki iliyotendeka. Lakini fedha hazimrudishii mwanafunzi kitabu katikati ya muhula wa mtihani. Mwezi Julai 2009 Amazon, baada ya kubaini kwamba muuzaji mmoja hakuwa na haki ya kuviuza, iliviondoa vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye vyombo vya wasomaji bila kuwauliza. Kimoja kilikuwa riwaya ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Shamba la Wanyama. Mkuu wa kampuni aliomba radhi baadaye. Hakuna duka la vitabu la mtaani ambalo lingeweza kuingia nyumbani mwako usiku na kuondoka na kitabu chako, hata kwa kukuachia fedha mezani.

Aidha, kufuli haijui kuhesabu miaka kama sheria inavyohesabu. Mkataba wa Berne huweka kima cha chini cha ulinzi kuwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Muda huo ukiisha, kazi huwa mali ya wote. Lakini kufuli iliyotiwa leo haitafunguka yenyewe siku hiyo, na huenda wakati huo aliyeitia hayupo.

JE, MSANII ALE NINI?

Hoja ya upande wa pili ina uzito, na si vyema kuipuuza. Katika miji yetu vipo vibanda ambavyo kwa malipo madogo hukujazia simu nyimbo mamia, na mtunzi hapati hata senti. Mtu anayetetea uwazi bila kumfikiria mtunzi anatetea dhuluma.

Lakini tuulize kama kufuli imemzuia mwenye kibanda. Haijamzuia, kwani inatosha mtu mmoja, popote duniani, aivunje mara moja, na nakala isiyo na kufuli itasafiri peke yake. Anayebaki amefungwa ni mnunuzi mwaminifu. Wenye biashara ya muziki waliligundua hilo. Mwezi Februari 2007 Steve Jobs wa Apple aliandika waraka akieleza kwamba mwaka uliotangulia nyimbo zilizouzwa mtandaoni zikiwa na kufuli hazikufika bilioni 2, ilhali zaidi ya bilioni 20 ziliuzwa katika diski zisizo na kufuli yoyote. Mwezi Aprili mwaka huo kampuni ya EMI ilikubali kuuza nyimbo bila kufuli, na kufikia mwaka 2009 duka la Apple lilikuwa limeziondoa kwenye nyimbo zake. Biashara ya muziki haikufa kwa sababu hiyo.

Natofautisha hapa kununua na kukodi. Anayelipa ada ya mwezi asikilize au atazame amekodi, na si ajabu mlango ukifungwa ada ikikoma. Ninaloliona kuwa halifai ni kumwambia mtu "nunua", kisha kumtendea kama mpangaji. Msanii atalindwa zaidi na mikataba ya haki, vyama imara vya kukusanya mirabaha, na bei ambayo mwananchi anaimudu, kuliko kufuli ya siri ambayo hata yeye msanii mwenyewe hajui inavyofanya kazi.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwa maoni yangu, serikali na shule zetu zinaponunua vifaa vya kidijitali kwa fedha za umma ziweke masharti matano. Kwanza, usimbaji uwe wa kanuni iliyochapishwa na kuchunguzwa hadharani. Pili, hati ya ruhusa iandikwe kwa lugha ya wazi isiyotozwa ushuru, na nakala yake apewe mwalimu kwa maneno anayoyaelewa. Tatu, ufunguo uwekwe amana katika maktaba ya taifa au taasisi nyingine ya umma, ili muuzaji akifunga duka au muda wa haki ukiisha kazi ifunguliwe. Nne, mtafiti anayekagua usalama wa mfumo kwa nia njema asishtakiwe. Tano, haki za wasioona zitiwe katika mfumo tangu mwanzo. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, Uganda mwaka 2018 na Tanzania mwaka 2020, unasema katika kifungu cha 7 kwamba ulinzi wa kiufundi usiwazuie kufaidi haki walizopewa na mkataba huo. Kitabu ambacho kufuli yake hairuhusu kusomwa kwa sauti na kompyuta kinamfungia mlango mwanafunzi ambaye sheria imeshamfungulia.

Pamoja na hayo, yatupasa tukae kwenye meza ambako viwango huandikwa. Mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya ni wanachama wa ISO. Uanachama usiishie kwenye saruji, mabati na maji ya chupa. Kamati za usimbaji na vyombo vya picha na sauti nazo zinahitaji watu wetu, na watu hao hawatapatikana isipokuwa wameanza kuandaliwa katika shule za sekondari.

Mwalimu wa hisabati aanze na vipeo vya mbili. Mwalimu wa uraia alijadili suala la kununua na kukodi. Mwalimu wa Kiswahili awape wanafunzi kitabu kimoja cha maktaba na kuwataka wakiandikie hati ya ruhusa kwa mafungu matatu, yaani ruhusa, katazo na wajibu, wakimfikiria mtunzi, msomaji, maktaba na mwenzao asiyeona. Wataona upesi kwamba kazi hiyo si ya uhandisi mtupu. Ni kazi ya kugawa haki baina ya watu, nayo ikifanyika gizani hugawiwa kwa faida ya yule aliyeshika taa. Kijana aliyewahi kuandika hati moja ya namna hiyo, hata kwa penseli kwenye daftari, hatakubali kwa urahisi kuambiwa kwamba ndivyo ufundi ulivyo.